UZI: Faida za kuogelea kwa watoto wadogo, na namna ya kuanza hata kama huna bwawa

#1 Mwalimu wa Bwawani (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi,

Kazi yangu ni kufundisha watoto wadogo kuogelea hapa Dar es Salaam, wengi wao wa miaka miwili mpaka sita. Likizo zikikaribia simu huwa nyingi na maswali ni yaleyale: aanze na umri gani, hatapata nimonia, klorini haimdhuru, na atafaidika nini zaidi ya kucheza. Nimeona niyajibu sehemu moja ili mzazi yeyote ayakute. Ni uzi mrefu. Mwenye swali aliweke hapa chini, nitapita kujibu.

Faida ya kwanza naitaja bila kuzunguka: kuogelea kunaokoa maisha. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotoka Desemba 2024 inakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi tukisikia mtu amekufa maji, akili inakimbilia kwenye meli, mtumbwi au bahari iliyochafuka. Kwa mtoto wa miaka miwili maji yanayoua yako karibu zaidi: ndoo ya kudekia, diaba la kufulia, kisima kilichoachwa wazi, shimo la mchanga lililojaa mvua, lambo la kunyweshea ng'ombe. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo akichungulia ndoo akatumbukia kichwa chini, hana nguvu za kujinasua. Na anakufa kimyakimya. Kwenye filamu mtu anayezama anapunga mikono na kuita. Kwa kweli mdomo uko majini, pumzi yote inatafuta hewa, sauti itoke wapi? Mama yuko hatua chache anachambua mchele na hasikii chochote.

Je, mafunzo yanasaidia kwa umri huo? Zamani chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kilikuwa kinashauri watoto wasubiri mpaka miaka minne. Mwaka 2010 kililegeza msimamo huo, na mwaka 2019 kikasema wazi kwamba watoto wengi wanaweza kuanza baada ya kutimiza mwaka mmoja. Kilichowabadilisha ni ushahidi, hasa utafiti uliochapishwa 2009 uliowalinganisha watoto waliokufa maji na wenzao wa umri uleule. Kwa wale wa mwaka mmoja hadi minne, ni asilimia 3 tu ya waliokufa ndio waliokuwa wamewahi kufundishwa kuogelea, wakati kwa wenzao walio hai ilikuwa asilimia 26. Utafiti wenyewe haukuwa mkubwa, na mtoto aliyefundishwa bado anaweza kuzama. Ndiyo maana kila mzazi anayekuja kwangu namwambia hivi: mafunzo ni kinga mojawapo, macho yako ni nyingine, na hakuna inayoziba nafasi ya mwenzake.

Kwa wa chini ya mwaka mmoja, mwingize majini ucheze naye kama unapenda, ukiwa umemkumbatia. Lakini zile video za mitandaoni za kichanga kinatupwa bwawani halafu kinageuka chenyewe, tafadhali msizijaribu. Ni kweli kichanga akipigwa na maji usoni huzuia pumzi. Hiyo ni asili ya mwili tu, hufifia anapokua, na haimaanishi kwamba anajua kuogelea. Anaweza kumeza maji mengi na anapoteza joto haraka mno.

Sasa nieleze kinachofanyika bwawani, maana wazazi wengi wanakuja wakitegemea mtoto ataanza kupiga mikono kama waogeleaji wa Olimpiki. Hiyo inasubiri. Kwa mtoto wa miaka mitatu naanza na ukingo. Anakaa, miguu ndani ya maji, mimi nimesimama mbele yake maji yakinifika kiunoni. Namwagia kikombe kimoja begani. Kisha nahesabu "moja, mbili, tatu" ndipo namwagia cha pili utosini. Kila siku ni hivyohivyo, hesabu kwanza, maji baadaye. Baada ya muda mtoto akisikia "tatu" anafumba mdomo mwenyewe na kuzuia pumzi, hana hofu kwa sababu anajua kinachokuja. Tunahamia kwenye kupuliza mapovu, kwanza kwa mdomo, kisha kwa pua. Anayepuliza majini hawezi kuyavuta wakati huohuo.

Linalofuata ndilo somo ninalolithamini kuliko yote. Mtoto anaruka kutoka ukingoni kuja mikononi mwangu, anazama kidogo, anaibuka, anageuka, anashika ukuta. "Geuka, shika." Nayarudia maneno hayo mawili mpaka mwili uyafanye bila kusubiri kichwa. Mtoto akitumbukia kwa bahati mbaya, mara nyingi ukingo uko nyuma yake, umbali wa mkono tu, na asiyefundishwa anahangaika kwenda mbele, kunako kina. Kama likizo nzima mtoto ataondoka na hili peke yake, kwangu ada ya mzazi imekwenda mahali pake.

Halafu kuelea chali. Namshika kisogo kwa kiganja, kama anavyolazwa kuoshwa nywele. Masikio yanapoingia majini wengi wanakakamaa, kwa sababu sauti zote zinabadilika ghafla. Hapo huwa naimba. Akilegeza shingo tumbo linapanda lenyewe, uso unabaki juu, anapumua. Mtoto akishajua kwamba maji yanambeba asipopigana nayo, mengine yote yanafundishika.

Mwilini je? Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800, hivyo kila teke linasukuma mzigo, ila hakuna kishindo kwenye magoti wala vifundo. Kifua kinabanwa na maji kutoka kila upande, misuli ya kupumulia inafanya kazi zaidi ya ilivyozoea. Mkono na mguu wa pande tofauti vinajifunza kwenda pamoja, na mtoto anatafuta mizani bila kuwa na ardhi ya kukanyaga. Mwaka 2010 watafiti Hermundur Sigmundsson na Brian Hopkins walionyesha kwamba watoto waliowahi kupelekwa madarasa ya kuogelea wakiwa wachanga walikuwa na mizani na ushikaji bora kuliko wenzao. Chuo Kikuu cha Griffith cha Australia nacho kilifuatilia maelfu ya watoto wa chini ya miaka mitano, kikaona waogeleaji wako mbele katika mambo kadhaa, hata lugha na hesabu. Huu wa pili naupokea kwa tahadhari. Shule za kuogelea zilikuwa miongoni mwa waliogharamia, na mzazi mwenye uwezo wa kulipia masomo huenda ana mengine mengi anayompa mtoto. Simuahidi mtu kwamba mwanawe atakuwa na akili za darasani kwa sababu ya bwawa.

Ninachokiona mwenyewe ni watoto wanaojifunza kusubiri zamu, kusikiliza mara moja, na kulala vizuri usiku.

La mwisho kwa leo: maboya ya mikononi, yale ya kujaza upepo. Yanamsimamisha mtoto wima, mkao uleule wa mtu anayezama, na yanamwaminisha kwamba anaweza. Siku yakivuliwa anaruka akijua ataelea. Darasani kwangu hayaingii.

Karibuni.

#2 Mzee wa Tandika

Mwalimu, hongera kwa uzi. Ila niseme ukweli, haya ni mambo ya watoto wa Masaki na Oysterbay. Huku kwetu uswahilini bwawa tutalitoa wapi? Nina wajukuu watatu hapa nyumbani, hela ya kiingilio cha hoteli kwa watatu ni mboga ya wiki. Tena sisi tulikua bila hayo na tupo.

#3 Mwalimu wa Bwawani

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito, na umefanya vizuri kuileta mapema.

Nianze na mfano wa Bangladesh, nchi yenye maji kila upande, ambako vijijini kuna bwawa la samaki karibu na kila nyumba. Hawakujenga mabwawa ya vigae. Walichukua madimbwi yaleyale ya kijiji, wakafunga jukwaa la mianzi ndani ya maji kwa kina cha mtoto kusimama, wakawafundisha vijana wa hapohapo kuwa walimu. Hiyo ni kwa watoto wakubwa kidogo. Kwa wadogo kabisa walianzisha vituo vya kulelea asubuhi, saa zile mama anapokuwa jikoni au shambani, na vifo vya watoto kufa maji vikapungua sana. Ndiyo maana WHO wenyewe wanashauri hivyo: wadogo wapate mahali salama pa kulelewa, wanaoanza shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa.

Kwa wajukuu wako, mengi yanaanza nyumbani bila senti. Diaba lifunikwe au limwagwe likishatumika, ndoo isiachwe na maji usiku. Wakiogeshwa, fanya ile hesabu ya moja mbili tatu, wapulize mapovu kwenye beseni wewe ukiwa umekaa hapohapo. Wakizoea maji usoni wakiwa nyumbani, siku wakifika bwawani masomo wanayohitaji yanapungua. Na wazazi wa mtaa mmoja wakiungana kukodi saa moja siku za kazi, wakati mabwawa mengi yako matupu, gharama ya kila mtoto inashuka. Nina vikundi vinavyofanya hivyo, mmoja wa mwendesha bodaboda na wenzake wa kijiweni.

Kuhusu nyie mliokua bila kuogelea, mzee, waliozama hawapo hapa kutuhadithia.

#4 Mwanapwani

Mimi ni wa Unguja. Huku mtoto wa kiume hakai chini kufundishwa, anajifunza na wenzake maji yakipwa, kwenye vidimbwi vinavyobaki, mpaka siku anafuata ngalawa. Wasichana ndio waliokuwa wakiachwa ufukweni. Bahari imetuzunguka kisiwa kizima, mama anakwenda kuchuma mwani maji yakimfika kiunoni na hajui kuogelea. Nungwi kuna mradi wa Panje uliowafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima, na wazee wakaona hakuna kilichovunjwa. Tena yapo maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar ya kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mshale na kupanda farasi. Basi tumeanza lini kuona ni jambo geni?

#5 Mwalimu wa Bwawani

Asante sana kwa hili. Niongeze kidogo kwa wenye watoto wa pwani. Kujifunza na wenzake kunampa mtoto ujasiri mkubwa, ila wenzake wa miaka minane hawawezi kumwokoa, na mara nyingi mmoja akizama wa pili anazama akimfuata. Awepo mtu mzima ndani ya maji, si kivulini. Na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na kujaa kwa kasi, mdogo asiingie kabisa. Maji mafu, siku zile yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndiyo ya kujifunzia.

#6 Nyanza

Mimi nipo Mwanza. Hapa watu wameumia, 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya 220 wakafa, na wapo tuliowazika. Toka hapo mke wangu anasisitiza watoto wajue maji. Tatizo langu ni kichocho. Ziwa liko nje ya mlango lakini kila mtaalamu anatuambia tusiingie. Mtoto ana miaka minne. Nifanye nini?

#7 Mwalimu wa Bwawani

Poleni sana, mkuu.

Kwa mtoto wa miaka minne nisingeanzia ziwani. Kichocho kinatoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye kina kifupi chenye majani, palepale ambapo mzazi angemweka mdogo akidhani ni salama. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi, na kujikausha kwa taulo hakutoshi kuvizuia. Habari njema ni kwamba vikikosa mtu wa kuingia vinakufa ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji ya ziwa yaliyokaa kwenye simtank kwa siku mbili kamili bila kuongezwa mengine hayana tatizo hilo. Wazazi wa kanda yenu wanaoweza kupata bwawa lenye klorini, waanze huko. Wasioweza, bwawa la plastiki la kujaza uani, maji ya bomba au yaliyolala, mzazi ndani, yanatosha kwa kupuliza, kuelea chali na kugeuka. Mkimaliza myamwage palepale.

Na kama ameshawahi kucheza ziwani, mpeleke akapimwe. Dawa ipo, praziquantel, na shuleni hugawiwa wakati wa kampeni.

Kuhusu meli, sitakudanganya. Chombo kikipinduka hata muogeleaji hodari anaweza kunaswa chini. Jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto ndilo la kudai kabla ya kupanda.

#8 Mama Pacha

Mwalimu, shikamoo. Nina mapacha wa kike miaka mitano. Maswali yangu ni ya kimama: nywele, masikio, na mmoja ana pumu. Kila nikitaka kuwapeleka, bibi yao anasema watapata nimonia na nywele zitakatika. Wakisuka wikendi, Jumatatu wanakuwa hawajioni.

#9 Mwalimu wa Bwawani

Marahaba mwanangu. Nywele nazichukulia kwa uzito, kwa sababu najua wasichana wangapi wanaachwa nyumbani kwa ajili yake tu, wakati kaka zao wanakuja.

Kabla hawajaingia, zilowanishe kwa maji safi ya bomba. Unywele ulioshiba maji safi haunywi tena mengi ya klorini. Paka mafuta ya nazi kuanzia kwenye ncha, hasa kingo za mbele, kisha kofia ya silikoni, siyo ile ya mpira mwembamba inayong'oa. Ukitaka zidumu, suka mistari ya kulala nyuma bila rasta, maana rasta zikilowa ni nzito na kofia haziingii. Wakitoka, suuza hapohapo bwawani. Wengine wanasubiri wafike nyumbani, klorini inakauka kichwani saa nzima kwenye daladala.

Nimonia haiji kwa sababu ya maji baridi, inasababishwa na vimelea. Ila bibi ana jambo la kusikilizwa: maji yanachota joto la mwili kwa kasi zaidi ya hewa mara nyingi, na mtoto mwembamba anapoa haraka. Midomo ikianza kugeuka rangi au kidevu kikitetemeka, darasa limeisha, hata kama nimebakiza nusu. Kwa umri wao nusu saa inatosha.

Harufu kali ya klorini watu wanadhani ni dalili ya bwawa safi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini imekutana na mkojo na jasho, ikatengeneza gesi inayochoma macho na kifua. Bwawa zuri halinuki hivyo. Waoge kabla ya kuingia, waende chooni kwanza, na mwenye kuharisha abaki nyumbani mpaka apone kabisa, maana wapo vijidudu ambavyo klorini haiviui kwa haraka.

Ya pumu namwachia mtu wa afya.

#10 Nesi wa Zamu

Nipo, nimesoma uzi wote. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa aogelee. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2013 yaliyokusanya tafiti za watoto na vijana wenye pumu yalionyesha kwamba mazoezi ya kuogelea wanayamudu vizuri na yanaboresha uwezo wa mapafu na stamina. Hewa ya juu ya maji ina unyevu, haikaushi njia za hewa kama kukimbia kwenye vumbi. Masharti: kopo la dawa ya kuvuta liwe ukingoni, siyo ndani ya gari, mwalimu ajue lilipo, na kama bwawa la ndani linachoma pua, msiingie. Masikio yakauke kwa kuinamisha kichwa na kupangusa kwa taulo. Vijiti vya pamba acheni, vinachubua ndani na ndipo maambukizi yanapoanzia.

Naomba niongeze la pili ambalo linaniuma kila likinifikia wodini. Mtoto akitolewa majini hapumui, watu wanamning'iniza kichwa chini, wanamzungusha, wanamkanyaga tumbo ili "atapike maji". Dakika zinakwisha. Kukandamiza tumbo kunaleta matapishi ambayo yanaingia kwenye mapafu. Anachohitaji ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie pumzi tano mpaka uone kifua kinapanda. Kisha bana kifua mara 30, pumzi mbili, endelea hivyo bila kuacha, mwenzako akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji na kutafuta gari. Ubongo wa mtoto hauvumilii kukosa hewa zaidi ya dakika chache, kwa hiyo aliyepo ndiye anayeanza. Na hata akizinduka na kuongea, mlete hospitali aangaliwe.

#11 Mwalimu wa Bwawani

Nesi, Mungu akuzidishie. Wazazi, chukueni picha ya hili jibu na mlitume kwa dada wa kazi pia. Yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

#12 Mama wa Mmoja

Naomba niulize hata kama ni nje kidogo. Mwanangu ana usonji, miaka mitano, haongei. Anapenda maji kupita kiasi, tukipita karibu na mfereji anavutana na mkono wangu. Shule moja ya kuogelea ilimkataa, wakasema hawana mtu wa kumshika.

#13 Mwalimu wa Bwawani

Dada, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Watoto wenye usonji huvutwa na maji, na hatari ya kufa maji kwao ni kubwa kuliko kwa watoto wengine, kwa hiyo yeye anahitaji masomo haya kabla ya wengi. Kukataliwa kumeniumiza kusoma.

Nimefundisha kadhaa. Tafuta mwalimu atakayekubali mmoja kwa mmoja, saa ambayo bwawa halina kelele. Vitu vifuatane kwa mpangilio uleule kila siku: mlango uleule, taulo ileile, kikombe kilekile. Picha zinasaidia kuliko maneno, picha ya kukaa, ya kupuliza, ya kushika ukuta, ya kutoka. Kutoka ndiko kugumu, kwa hiyo muonyeshe ile picha mapema na umpe onyo la hesabu. Wengi wao mbanano wa maji mwilini unawatuliza, utaona hata usiku analala. Afundishwe pia kwamba haingii majini mpaka apewe ishara, na ishara iwe moja, mkono wako begani mwake, na iwe hiyohiyo kwa baba, bibi na mwalimu wa chekechea. Mfereji wa jirani ukiweza ufunikwe, nendeni serikali ya mtaa mkiwa wazazi wengi. Niandikie faraghani nikuelekeze kwa wenzangu walio karibu nawe.

#14 Mbongo Uholanzi

Habari za huko nyumbani. Nawapa picha ya huku, labda itasaidia. Uholanzi kuna mifereji kila mtaa, kwa hiyo kuogelea kwa mtoto hakuchukuliwi kama mchezo. Wanaanza wakiwa na miaka minne au mitano, wanafanya mtihani wa diploma A, halafu B, halafu C. Binti yangu kwenye A aliogelea akiwa amevaa nguo na viatu, na akapita chini ya maji kwenye tundu la turubai. Nilishangaa, kumbe mantiki ni rahisi: mtoto haanguki mferejini akiwa na kaptula ya kuogelea. Siku ya diploma babu na bibi wanakuja na maua.

#15 Mwalimu wa Bwawani

Hilo la nguo nalifanya na wakubwa wa miaka sita, mwisho wa masomo. Sare ya shule inavyolemea ikilowa wanashtuka. Wanagundua kwamba hawawezi kukimbiza mikono, wanageuka chali na kupumua kwanza. Natamani shule zetu za msingi zilizo karibu na mito na maziwa zingelifanya kuwa somo kamili. Umoja wa Mataifa umeitenga 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo vya kufa maji, tangu 2021. Ni siku nzuri ya kumfuata mwalimu mkuu na kumuuliza.

#16 Mama Kijacho

Wangu ana miaka mitatu, analia tangu getini. Baba yake anasema nimtupe tu atazoea, yeye ndivyo alivyofundishwa na kaka zake. Nimlazimishe?

#17 Mwalimu wa Bwawani

Hapana. Wapo waliojifunza kwa kutupwa, na wapo watu wazima wengi wanaokuja kwangu wakiwa na miaka arobaini, hawawezi kuingiza uso kwenye beseni kwa sababu ya siku hiyo moja. Mtoto aliyeingiwa na hofu anakaza shingo, na shingo iliyokaza haielei.

Siku ya kwanza njoo naye mkae mbali, ale embe lake, aangalie wenzake. Siku nyingine akae ukingoni achezee kikombe, ammwagie mwanasesere wake maji, amhesabie yeye moja mbili tatu. Wewe ingia kabla yake. Mtoto anasoma uso wa mama, kwa hiyo kama na wewe unaogopa, aje shangazi au baba. Mpe ruhusa ya kusema "basi", na akisema muache kweli, ndipo atakuamini ukimwambia "bado kidogo". Kulia kwa dakika mbili akiagana na wewe ni kawaida. Kulia darasa zima, wiki baada ya wiki, ni ishara kwamba mwalimu abadilishwe au msubiri miezi michache.

Ukienda kukagua bwawa, muulize mwalimu ana watoto wangapi kwa wakati mmoja. Kwa umri wa wako, akikwambia zaidi ya wanne peke yake, ondoka. Angalia kama yuko ndani ya maji au amesimama nje na filimbi. Uliza nani kati yao anajua kumpulizia mtoto pumzi. Angalia kama sakafu ya bwawa inaonekana wazi mpaka kwenye bomba la chini, kama bwawa lina uzio wenye geti linalojifunga, na kama simu ya mwalimu iko mfukoni au mkononi. Wakati wa kipupwe maji ya asubuhi ni baridi, mlete saa nne jua likishapanda, na umbebee sweta la kuvaa akitoka.